Tarehe Hutunzwa Kama Ushahidi

Katika miaka niliyofanya kazi na kanzidata, safu iliyonifundisha mengi kuliko zote ni ile ya tarehe na saa. Mtengenezaji wa mfumo huichagua aina yake haraka haraka, akiwahi mambo anayoyaona makubwa zaidi, kisha huisahau. Lakini safu hiyo ndiyo inayoamua posho ya dereva, umri wa mstaafu, miadi ya mteja na siku ya mwisho ya kulipa deni. Nimeona watu wakikatwa fedha, na wengine wakizungushwa madirishani, kwa sababu ya uamuzi uliofanywa kwa dakika moja na mtu wasiyemjua. Ndiyo maana jambo hili nalichukulia kwa uzito, na ndiyo maana nawaandikia vijana wanaoanza kazi hii.

Kampuni iliyonifungua macho ilikuwa ya malori, ofisi zake Kurasini, karibu na bandari ya Dar es Salaam. Ilisafirisha makontena kwenda Kigali na Bujumbura kwa njia ya Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama. Mfumo wa kufuatilia mizigo niliukuta umeshajengwa. Kila hatua ya safari ilikuwa na mstari wake kwenye jedwali: lori limetoka bandarini, limepita mizani, limefika mpakani, limevuka, limeshusha. Kila mstari ulikuwa na tarehe na saa, na mfumo ulitumia hizo kupiga hesabu ya muda uliopita kati ya hatua moja na nyingine.

Hesabu ilikuwa inaharibika Rusumo, kwenye daraja la Mto Kagera. Wakala wa upande wa Tanzania aliandika kwamba lori limeondoka 10:10, yaani saa nne na dakika kumi asubuhi. Wakala wa upande wa Rwanda akaandika kwamba limefika 9:35. Mfumo ukatoa jibu kwamba kuvuka kumechukua dakika hasi 35. Ofisini walishalizoea. Mhasibu alikuwa akizifuta tarakimu hizo kwa mkono kila mwisho wa mwezi, na zikaitwa makosa ya mawakala.

Mawakala hawakuwa na kosa. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, ile iitwayo UTC, wakati Rwanda na Burundi ziko saa mbili mbele. Ikiwa 10:10 Tanzania, Rwanda ni 9:10, kwa hiyo lori lilivuka kwa dakika 25. Kila wakala alitazama saa ya ukutani kwake na kuandika alichokiona. Safu ilikuwa ya aina ya timestamp isiyo na kanda ya saa: ilihifadhi tarakimu za saa ya ukutani, ikatupa habari ya ukuta huo uko nchi gani.

Jambo zito zaidi nililipata kwa dereva mmoja wa siku nyingi, siku aliyokuja ofisini kufuatilia posho yake. Nilimwuliza kuhusu zile dakika hasi. Akanijibu, "Kijana wangu, kwenda hakuna neno. Shida ni kurudi. Nikirudi nakatwa."

Nilikaa naye tukafungua safari zake mojamoja. Anatoka upande wa Rwanda 14:00, anaingia upande wa Tanzania 15:25. Kwa dereva na kwa yeyote aliyekuwa naye barabarani, hizo ni dakika 25. Kwa mfumo ni 85. Kampuni ilikuwa na utaratibu kwamba lori tupu likizidisha saa moja kuvuka bila maelezo ya forodha, dereva anahesabiwa amechelewa na posho inapunguzwa. Kwa hiyo alikuwa akikatwa fedha kwa saa moja ambayo hakuna mtu duniani aliyeiishi.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo nimelibeba hadi leo. Kosa lilikuwa moja tu, lakini wakati wa kwenda lilitoa jibu lisilowezekana, kila mtu akaliona na kulifuta. Wakati wa kurudi lilitoa jibu linalowezekana kabisa, kwa sababu dereva kuchelewa saa moja mpakani ni habari ya kawaida. Hakuna aliyeshtuka, na gharama ikamwangukia mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote katika ile kampuni. Tangu hapo, ninapokagua mfumo, majibu ya ajabu hayanipi hofu sana, maana yanajitangaza yenyewe. Natafuta yale yanayoaminika na si ya kweli.

Tulibadilisha safu ikawa timestamptz ya PostgreSQL. Aina hii hupokea saa pamoja na kanda yake, huigeuza kuwa UTC, na kuihifadhi kama hesabu ya mikrosekunde tangu mwanzo wa mwaka 2000. Rusumo ya upande huu na ya upande ule zikawa kwenye mstari mmoja wa wakati, na kutoa moja kwenye nyingine kukawa na maana. Wapo wanaodhani kwamba aina hii huhifadhi kanda ya saa kwa sababu jina lake linaitaja. Haihifadhi. Ikishageuza, kanda inasahaulika, na ukisoma unaonyeshwa saa kwa kanda ya yule anayesoma. Sisi tulihitaji kujua pia wakala aliona saa ngapi ukutani kwake, kwa kuwa makaratasi ya forodha yana saa hiyo. Tukaongeza safu ya pili yenye jina la kanda ya kila kituo, kama Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Kigali. Na tuliihama timestamp ya kawaida kwa sababu nyingine: ukiiandikia 10:10+03, ile +03 inaitupa bila kulalamika, nawe unaondoka ukidhani imepokelewa.

Simu nazo zilikuwa na mchango wake. Madereva walianza kutuma taarifa wenyewe kwa programu ya simu, na karibu na mpaka simu ikishika mnara wa upande wa pili hubadilisha saa yenyewe, hata kama lori bado limeegeshwa Tanzania. Tukaamua simu itume UTC, na mahali pajulikane kwa kituo alichochagua dereva. Kwa bahati, kumbukumbu zote za zamani zilikuwa na jina la kituo, kwa hiyo tuliweza kurudia hesabu za nyuma. Waliokatwa wakarudishiwa. Lau jina la kituo lingekosekana, haki ile isingepatikana, hata tungekuwa na wataalamu wa namna gani.

Kanda za saa zina kanuni zilizoandikwa, na kompyuta inazijua. Namna tunavyohesabu saa sisi wenyewe kompyuta haiijui. Kwetu saa moja asubuhi ni 07:00 na saa moja jioni ni 19:00. Katika chumba cha kuongozea malori kulikuwa na dada wa zamu ya usiku aliyepokea simu za madereva na kuziingiza kwenye mfumo. Dereva anapiga kutoka Nzega: "Dada, nimelala hapa, natoka saa kumi na moja." Dada anaandika 05:00 bila kusita, kwa kuwa anajua lori lililolala linaondoka alfajiri. Asubuhi inaingia zamu ya kijana aliyezoea saa za simu. Dereva mwingine anatuma maandishi, "natoka saa 11", naye anaandika 11:00. Sentensi ni ileile, tofauti ni saa sita, na kwenye kanzidata zote mbili zinaonekana safi.

Usiku ulileta utata wake. Dereva akisema amefika Jumamosi saa nane usiku, anamaanisha usiku ulioanza Jumamosi jioni, na watu wa Kurasini wote wanamwelewa. Kalenda ya kompyuta imeshavuka saa sita usiku, kwake hiyo ni Jumapili 02:00. Ukiandika Jumamosi 02:00, umelirudisha lori nyuma kwa saa 24, na pengine umelifikisha kabla halijaondoka.

Kulikuwa na pendekezo kwamba wafanyakazi wote walazimishwe kutaja saa kwa mtindo wa saa 24. Nililipinga, na bado nalipinga. Dereva aliyeendesha kutwa nzima ana haki ya kusema saa kwa namna anayoifikiria, na kazi ya kumwelewa ni ya mfumo. Tulitengeneza fomu yenye vitufe vya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku, kisha saa kama inavyotamkwa. Kabla ya kuhifadhi, skrini ilirudisha maelezo kamili: siku ya juma, tarehe, saa ya Kiswahili, na saa 24 pembeni yake. Dada wa zamu aliyasoma kwa sauti kwenye simu, dereva akaitikia ndiyo. Pia tuliweka safu ya maneno ya dereva kama alivyoyasema. Wapo walioiona ni anasa, lakini pakitokea ubishi hiyo ndiyo iliyofunguliwa kwanza.

Baadaye nilifanya kazi na chama cha akiba na mikopo ambacho wanachama wake wengi walikuwa walimu wastaafu. Hapa nilikutana na tatizo la tarehe isiyo na saa kabisa. Mzee mmoja aliomba mkopo, fomu ikarudi kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa haikulingana na ya kitambulisho. Kitambulisho kilisema 1 Januari 1955. Mfumo ulisema 31 Desemba 1954. Mzee alikuwa ameshazungushwa kati ya madirisha, kila mmoja akimwuliza kwa nini alitaja tarehe mbili.

Aliyejenga mfumo alikuwa ameihifadhi siku ya kuzaliwa kama kitu chenye saa: usiku wa manane wa kuingia tarehe 1 Januari. Programu ya kuingizia wanachama ilichukulia kwamba Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, sasa na siku zote. Programu ya mikopo ilisoma kwa kanuni za kihistoria za Africa/Nairobi. Na historia ya saa zetu haikunyooka: kabla ya kutulia kwenye saa tatu, Nairobi iliwahi kutumia saa mbili na nusu, kisha saa mbili na dakika 45. Kwa kumbukumbu za kanda za saa zilizotumika wakati ule, hizo dakika 45 ziliendelea hadi mwisho wa 1959. Kwa hiyo usiku wa manane wa mzee ulisomwa robo saa nyuma, saa tano na dakika 45 usiku, na hiyo ni siku ya jana yake. Kwa kuwa ilikuwa Januari mosi, jana yake ilikuwa mwaka mwingine.

Baada ya muda wataalamu wa kumbukumbu hizo walipata nyaraka bora, wakarekebisha: zile dakika 45 sasa zinakomea 1942. Tafakari maana yake. Mtu aliyezaliwa 1955 angeweza kuwa na siku moja ya kuzaliwa kabla ya seva kusasishwa na nyingine baada ya kusasishwa, bila mtu yeyote kugusa taarifa zake. Siku ya kuzaliwa haina saa wala kanda. Ni siku ya kalenda, na aina yake ni date. Sikukuu, siku ya kuajiriwa na siku ya mwisho ya rejesho ni hivyohivyo.

Nilipokwenda kumweleza mzee kwamba tatizo limepatikana, nilimwamkia, akanikaribisha kiti, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sasa mwanangu, nami nikwambie. Hiyo Januari mosi niliandikiwa shuleni. Mama yangu alisema nilizaliwa watu wakivuna mpunga. Mwaka ndio tuna hakika nao."

Wanachama wa rika lake waliokuwa na Januari mosi walikuwa wengi mno kuliko siku nyingine yoyote. Kanzidata ilikuwa imewalazimisha kutaja siku, nao wakaipa siku. Tulichofanya ni kuhifadhi tarehe ya kitambulisho kama ilivyo, kwa sababu ndiyo ya kisheria, na pembeni yake safu inayosema uhakika uko wapi: siku, mwezi, au mwaka tu. Hatukumbadilishia mtu yeyote tarehe. Lakini chama kiliacha kutumia siku hiyo kwenye mambo yasiyohitaji siku, na karani akaacha kumwona mwongo mzee anayesema hajui.

Chama hichohicho kilinipa sababu ya kuangalia mbele. Baadhi ya majedwali yake ya zamani yalitumia aina ya TIMESTAMP ya MySQL kwa siku ya mwisho ya mkopo. Aina hiyo inaishia tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 UTC, kwa kuwa ndipo sekunde zinazohesabiwa tangu mwanzo wa 1970 zinapojaza nafasi ya biti 32. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 uliotolewa 2024 unamalizika 2039. Anayedhani mwaka 2038 uko mbali, aulize idara ya mikopo.

Kuna somo la tatu, la mambo yajayo, ambalo nililipata kwa rafiki yangu wa Mombasa anayesimamia mizigo ya Juba. Mwanzoni mwa Januari 2021 alikuwa ameshapanga miadi ya Februari ya kushusha mizigo. Mteja wake alisema saa nne asubuhi, saa ya Juba. Mfumo, kwa kufuata ushauri maarufu wa kuhifadhi kila kitu kwa UTC, uliandika 07:00 UTC. Kisha Sudan Kusini ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Februari itarudisha saa nyuma, kutoka saa tatu mbele ya UTC hadi saa mbili. Seva zikasasishwa, na miadi ya saa nne ikaonekana ni saa tatu. Mteja hakuwa amebadilisha chochote. Aliahidi kuwa getini saa nne kwa saa ya mji wake, na ahadi yake ilikuwa palepale.

Tukio lililokwisha kutokea ni nukta kwenye mstari wa wakati, na UTC inalitosha. Ahadi ya siku zijazo ni maneno kati ya watu, nayo huhifadhiwa kama ilivyosemwa: tarehe, saa ya ukutani, na jina la kanda, mfano Africa/Juba. Kuandika +03 peke yake hakutoshi, kwa sababu hiyo ni hesabu ya leo, na serikali inaweza kuibadilisha. UTC ya ahadi ikokotolewe inapohitajika, na irudiwe kila kanuni zinapobadilika.

Na hubadilika kwa taarifa fupi mno. Morocco ilitangaza mwishoni mwa Oktoba 2018, siku chache kabla ya kurudisha saa nyuma, kwamba haitarudisha tena. Lebanon, Machi 2023, iliahirisha kusogeza saa zikiwa zimebaki siku chache, baadhi ya taasisi zikakataa kufuata, na kwa siku kadhaa nchi moja ikaishi kwa saa mbili mpaka uamuzi ulipobatilishwa. Nyuma ya simu na seva zinazojirekebisha kimyakimya kuna watu wanaofuatilia matangazo hayo. Hazina ya kanda za saa ilianzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, sasa inaratibiwa na Paul Eggert, na IANA ndiyo inayoihifadhi tangu 2011. Toleo lenye mabadiliko ya Sudan Kusini lilitoka tarehe 24 Januari 2021, wiki moja tu kabla ya saa kubadilika Juba. Nawashukuru watu hao kwa dhati, na nawahimiza vijana wenzetu wa Afrika kuwatumia taarifa mapema serikali zetu zinapoamua jambo, maana ni sisi tunaolisikia kwanza redioni.

Vijana wakiniuliza watumie aina gani ya safu, nawarudishia maswali kwanza. Jambo hili limeshatokea au limeahidiwa? Ni nukta ya wakati au ni siku ya kalenda? Aliyelisema alikuwa wapi, alikuwa anatazama saa gani, na anajua kwa kiwango gani? Ukipata majibu, aina ya safu inajichagua: timestamptz kwa yaliyotokea, date kwa siku, saa ya ukutani na jina la kanda kwa ahadi. Ukikosa majibu, hakuna aina itakayokuokoa.

Karani wa mahakama huandika alichosema shahidi, hakimu ndiye anayepima. Kanzidata nayo iwe hivyo. Kile kinachoweza kukokotolewa kitakokotolewa tena kesho kwa kanuni bora. Kile alichosema mtu, kikitupwa siku ya kwanza, hakirudi. Dereva wa Rusumo, mzee wa Januari mosi na mteja wa Juba wote walisema kweli, na wote watatu mashine iliwakanusha. Kwa hiyo, unapochagua aina ya safu ya tarehe, unachagua pia nani ataaminiwa siku mtu na mashine watakapopishana. Chagua ukijua hivyo, na uweke akiba ya maneno ya mtu.